Mstari wa Mwisho wa Andalio

Mhadhara kwa walimu tarajali wanaojiandaa kwenda mazoezini katika shule za Kasulu na Kibondo



Nimeombwa nizungumzie mazoezi ya kufundisha, yale ambayo wenyewe mnayaita BTP. Ni uwanja mpana, na nikitaka kuumaliza tutalala hapa. Nitachukua pembe moja tu.

Kila andalio la somo mliloandika hapa chuoni lina mwisho wake. Baada ya hatua zote za somo, kuanzia utangulizi hadi hitimisho, inabaki nafasi ndogo chini ya ukurasa: tathmini na maoni. Katika miaka ya kukagua nimesoma maandalio mengi, na nafasi hiyo karibu kila mara imejazwa maneno yale yale, kwamba somo limeeleweka na wanafunzi wengi wamefikia lengo. Mara nyingine ukitazama vizuri unaona maoni yameandikwa kwa kalamu ile ile na mkao ule ule wa mkono ulioandika utangulizi. Mwanachuo aliyajaza usiku, kwa taa ya simu, kabla somo halijafundishwa. Alijua tangu jana kwamba kesho wataelewa.

Hoja yangu leo ni kwamba mwalimu hujifunza kuendana na darasa lake katika mstari huo wa mwisho, na kwamba sisi wakufunzi ndio tuliomfundisha kuujaza uongo.

Tuanze na kile ambacho andalio linakutana nacho likitoka chuoni. Hapa chuoni mnafundishana wenyewe kwa wenyewe. Mwenzako anajifanya mtoto wa darasa la tatu, anakosea kwa adabu, na anajibu ukimtaka ajibu. Kiwango cha taifa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na andalio lako limeandikwa ukilifikiria darasa la namna hiyo. Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, waliingia shuleni watoto ambao michango ilikuwa imewafungia nje. Ilikuwa haki yao. Ila vyumba vya madarasa haviwezi kuota kwa kasi ya watoto, na mkoa wetu wa Kigoma una watoto wengi. Sensa ya 2022 ilihesabu humu watu 2,470,967. Basi usishangae ukifungua daftari la mahudhurio ukakuta majina yamevuka mia, na mwalimu mwenyeji anakwambia hao ni mkondo mmoja.

Sasa chukua andalio lako linalosema wanafunzi watajadili katika makundi ya watu sita, kisha kila kundi litawasilisha. Fanya hesabu. Wanafunzi 108 ni makundi 18. Kila kundi likipewa dakika mbili za kuwasilisha, hizo ni dakika 36. Kipindi cha madarasa ya juu ni dakika 40, na cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30. Umebakiwa na dakika nne za kusalimia, kugawa kazi na kusahihisha, na bado hujawahesabu watoto waliokaa sakafuni ambao hawawezi kugeuka kuunda duara kwa sababu hakuna mahali pa kugeukia.

Wanachuo wengi wakifika hapo huchagua moja kati ya njia mbili. Wa kwanza anashikilia andalio kama lilivyo, kengele inalia kundi la nne likiwa linawasilisha, na kundi la kumi na nane halimjui mwalimu mpaka leo. Wa pili anatupa makundi, anageukia ubao, anaandika maelezo tangu juu hadi chini, watoto wananakili. Wa pili huyu atakwambia amejirekebisha kulingana na mazingira. Amekata tamaa tu, akaipa kukata tamaa jina zuri.

Ipo njia ya tatu, na ndiyo ninayotaka mwende mkaitafute. Walioketi dawati moja, wawili au watatu, ndio kundi. Hakuna anayehama. Swali ni moja na liko ubaoni. Wakati wanajadiliana, wewe huna ruhusa ya kukaa. Unapita, unachungulia madaftari, unatafuta majibu matatu yanayotofautiana, likiwemo moja lenye kosa ambalo umeliona mara nyingi. Kisha unawaita hao watatu tu waandike ubaoni, na darasa zima linaamua lipi limesimama na kwa nini. Umetumia dakika 12, na kila mtoto amezungumza angalau na jirani yake. Lengo mahususi la somo halikuguswa. Kilichobadilika ni njia. Ila ona kwamba njia hiyo imekudai kazi kubwa kuliko ile iliyoandikwa: ilibidi uyaone makosa yao kabla hawajayatamka.

Niongeze jambo dogo ambalo vitabu vya mbinu za kufundishia havilitaji. Mvua za huku huanza Oktoba na kuendelea hadi Mei, na madarasa yetu yameezekwa bati, mengi bila dari. Mvua ikishuka hakuna sauti ya mwalimu inayofika dawati la tatu. Nimewaona wanachuo wakipiga kelele mpaka koo likakauka. Mwalimu mwenyeji aliyezoea hasemi neno: anachukua chaki, anaandika maswali matano, anawaonyesha watoto kwa kidole, darasa linafanya kazi mvua ikiimba juu. Andaeni kazi ya kimya kwa kila somo, muiweke nyuma ya andalio. Mvua haitawauliza mmefika hatua ipi.

Sasa lugha. Hapa nitakaa kidogo, maana wengi wenu mmetoka mbali. Yuko aliyetoka Tanga, yuko wa Mbeya, yuko wa Unguja ambaye hajawahi kuvaa sweta mchana. Mtapangiwa shule za vijijini, upande wa Mabamba kule Kibondo mpakani na Burundi, au mabonde ya huku Kasulu, na mtakuta mtoto wa darasa la kwanza ambaye nyumbani anaongea Kiha peke yake. Kiswahili amekisikia gulioni, kanisani au msikitini, na kwenye redio. Akinyamaza mbele yako, usiharakishe kuandika kwamba ni mzito.

Hilo halina maana kwamba Kiswahili ni kigeni Buha, nchi ya Waha. Wazee wa huku walikitembelea kwa miguu. Serikali ya kikoloni iliifanya Kigoma kuwa ghala la vibarua, na Waha wakaenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Wengi walirudi na lugha hiyo vinywani. Lakini lugha ya baba aliyetoka kambi ya mkonge na lugha ya mtoto wa miaka sita anayelelewa na bibi ni vitu viwili.

Nitoe mfano wa hesabu, kwa sababu watu hudhani hesabu haina lugha. Mtoto wa Kiha akijifunza kuhesabu kwa Kiswahili, tatu, nne na tano zinamwingia upesi, kwani katika lugha yake zinasikika karibu hivyo hivyo. Nane na kumi pia zina ndugu zao nyumbani kwake. Lakini sita, saba na tisa zilitoka Kiarabu, na katika Kiha hakuna cha kuzishikia. Mwalimu aliyelijua hilo hatatumia nguvu sawa kwa moja hadi kumi. Atapita haraka penye wepesi, atapunguza mwendo kwenye sita na saba, ataleta vizibo vya soda na vijiti, atawaimbisha. Akifika kwenye tisa anaweza hata kukumbuka kwamba Kiswahili cha zamani kilikuwa na kenda, ambayo Mha yeyote ataitambua. Mwalimu asiyejua ataandika katika maoni kwamba watoto wana tatizo la kuhesabu, na mwakani mwalimu mwingine atairithi hukumu hiyo.

Swali ambalo huulizwa kila mwaka: je, nitumie Kiha darasani? Lugha ya kufundishia shule ya msingi ya serikali ni Kiswahili, na kazi yako ni kumfikisha mtoto huko. Ukitumia neno la Kiha ili mtoto ajue unachozungumzia, kisha ukarudi kwenye Kiswahili na kumtaka naye arudi, umefanya kazi ya ualimu. Shida nyingine, ambayo haisemwi sana, ni ya mwanachuo aliye Mha mwenyewe: anaona raha, darasa linacheka, kipindi kizima kinakwenda kwa Kiha, na mtoto anatoka alivyoingia. Mgeni naye ajifunze angalau salamu. Asubuhi mwambie mtoto mwakeye, uone uso wake.

Jambo hili limeshughulikiwa na wakubwa pia. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2014, ulifanya kazi Kigoma miongoni mwa mikoa mingine, na sehemu ya kazi yake ilikuwa madarasa ya utayari: majuma machache ya hadithi, nyimbo na michezo kwa Kiswahili kwa watoto wasiopitia elimu ya awali, yakiongozwa na wasaidizi kutoka kijiji kile kile. Baadaye umekuja Shule Bora, uliozinduliwa 2022, na Kigoma imo tena. Mipango huja na kwisha. Ninachotaka mkichukue hapo ni jinsi ule wa kwanza ulivyoanza: ulimwuliza mtoto anajua nini kabla ya kumwuliza hajui nini, na swali hilo halihitaji mfadhili.

Wapo wanaodhani kumpeleka mtu darasani kabla hajaiva ni balaa la siku hizi. Nchi hii imefanya hivyo kwa makusudi, tena kwa ukubwa ambao ninyi hamwezi kuufikiria. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977, badala ya 1989 iliyokuwa imepangwa awali. Walimu wangetoka wapi? Walichukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawekwa katika shule za vijiji vyao, wakawa wanafundisha saa kadhaa na kujifunza saa nyingine, kwa masomo ya posta na ya redio, wakisimamiwa na mratibu wa elimu wa kata, kwa miaka mitatu. Huku Kigoma vijiji vyenyewe vilikuwa vipya. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilipita mkoani mwaka 1972. Kwa hiyo mwalimu alikuwa mgeni kazini, na shule ilikuwa ngeni pale iliposimama.

Mpango huo uliitwa UPE, na neno hilo likageuka tusi. Mpaka leo mtu akikosea hesabu dukani anaulizwa kama ni wa UPE. Nadhani ni dhuluma. Elimu yao ilikuwa finyu, hilo halifichiki, na nchi ililipa gharama yake. Lakini mwalimu yule wa kijijini alikuwa na kitu kimoja ambacho mwanachuo wa leo amenyimwa: alifundisha asubuhi, mchana akakaa na mtu aliyemwona akifundisha, wakaongea kilichoharibika, kesho akajaribu tena. Aliwajua watoto kwa majina ya baba zao. Miaka ya MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, ilipofika, kuanzia 2002, watoto walipofurika tena, wanachuo wa daraja la tatu A walikaa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni. Wazo lilikuwa lile lile, ingawa usimamizi wa ule mwaka wa shuleni mara nyingi ulibaki kwenye karatasi. Halafu zikaja shule za kata, na vijana wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya majuma machache wakapelekwa kufundisha sekondari. Wananchi, ambao hawakosi jina, wakawaita Voda Fasta. Hao ndio hasa walioachwa peke yao: hawakupata chuo cha kutosha wala mtu wa kuzungumza nao baada ya kipindi. Baadhi yao leo ni walimu hodari, na sifa hiyo ni yao wenyewe.

Msisahau pia kwamba katika wilaya hizi hizi wamekuwapo wenzenu ambao wengine hawakupata hata chumba cha darasa. Katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 kwa Wakongo, na Nduta ya Kibondo, iliyofunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipoanza tena kuvuka mpaka, watoto wamesomeshwa kwa mitaala ya Kongo na ya Burundi na walimu ambao wengi wao ni wakimbizi, wengine chini ya miti, kwa zamu za asubuhi na mchana. Mwalimu wa chini ya mti anapanga somo kwa kufuata kivuli. Sisemi hivyo ili kuusifu umaskini. Nasema kwamba mtu huyo akikutana nawe sokoni, anaweza kukufundisha mengi kuhusu kuandaa somo bila ukuta wa kubandika manila.

Sasa nirudi kwenye ule uongo wa mstari wa mwisho. Mwaka 1904, Mmarekani John Dewey aliandika makala kuhusu uhusiano wa nadharia na vitendo katika kuwaandaa walimu. Humo alitofautisha usikivu wa aina mbili alionao mtoto: wa nje, yaani macho kwa mwalimu, mgongo wima, midomo kimya, na wa ndani, yaani akili yenyewe inafanya kazi juu ya jambo. Akaonya kwamba mwalimu mchanga akisukumwa mapema kwenye shida ya kutuliza darasa, atajifunza kuutafuta ule wa nje na kuuridhikia, na tabia hiyo itakauka naye.

Sisi tuna ushahidi wetu wa kila siku. Mwalimu anamaliza maelezo, anauliza: tumeelewa? Darasa zima, kwa sauti moja ndefu: ndiyoo mwalimu! Mwanachuo anatabasamu, mkufunzi aliyekaa nyuma anatia tiki, na kwenye maoni linaandikwa: somo limeeleweka. Mtoto wa miaka saba huko Kibondo anajua kwamba jibu la swali hilo ni ndiyo, kama anavyojua kwamba jibu la shikamoo ni marahaba. Amejibu salamu. Ukitaka kujua kama ameelewa, mpe kijikazi cha dakika tatu, pita, tazama madaftari kumi ya kona mbalimbali, usiyatazame ya mbele tu. Matokeo ya madaftari hayo kumi ndiyo maoni yako. Andika: sita kati ya kumi wamejumlisha bila kubeba, kesho naanza na kubeba, kwa vijiti. Hiyo ni sentensi moja. Inakupa somo la kesho.

Na darasa lisipotulia? Hapa niseme wazi, maana ndipo vijana wengi wanapoharibikiwa. Oktoba 2016 nchi nzima iliona video ya walimu wanafunzi waliokuwa mazoezini katika sekondari moja ya jijini Mbeya wakimpiga mwanafunzi kwa ngumi na mateke. Walifukuzwa vyuoni. Kila mtu alilaani, na ilistahili. Lakini baada ya kulaani tulipaswa kujiuliza swali la wakufunzi: vijana wale waliingia darasani wakiwa na nyenzo gani za kukabiliana na mwanafunzi aliyewashinda? Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mwalimu tarajali asiye na idhini hiyo hana fimbo kisheria. Mimi naongeza kwamba hata akipewa asiichukue, kwa sababu ya kitaalamu tu: fimbo inaleta ule usikivu wa nje kwa haraka mno, na mwalimu aliyeupata hivyo hatatafuta tena kujua kwa nini darasa lilimshinda. Mara nyingi lilimshinda kwa sababu kazi ilikuwa ngumu mno kwa nusu yao na rahisi mno kwa nusu nyingine, au kwa sababu ni saa saba na hawajala tangu jana.

Yako mambo ambayo hayafai kungoja uyagundue darasani. Hapa Kabanga, jirani yetu, tangu mauaji ya watu wenye ualbino yalipoitikisa nchi mwishoni mwa miaka ya 2000, kituo cha shule kimewapokea watoto wenye ualbino kutoka pande nyingi, wakaishi na kusoma pamoja na watoto wasioona na wasiosikia. Wengine wako katika shule za kawaida mtakazopangiwa. Mtoto mwenye ualbino kwa kawaida ana uoni hafifu, na mwanga mkali unamuumiza. Akikaa nyuma, ubao kwake ni ukuta mweusi. Akikaa mbele lakini dirishani, jua linamnyang'anya hata kile anachoweza kuona. Basi mweke mbele, mbali na dirisha. Andika herufi kubwa. Tamka unachoandika wakati mkono unaandika. Muache asogee ubaoni bila kuomba ruhusa. Mpe muda zaidi wa kunakili, au mpe daftari la jirani. Somo la nje, kama ni shambani au uwanjani, lihamishie kivulini, na kofia yake iwe kichwani hata kama kanuni za sare zinakataza kofia. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha, na yote yanawafaa pia watoto wengine ambao macho yao hayajawahi kupimwa na mtu. Lakini ukiyaanza wiki ya nne umempotezea mtoto wiki tatu. Siku ya kwanza uliza: katika darasa hili nani haoni vizuri, nani hasikii vizuri? Mwalimu mwenyeji anajua.

Kuhusu msimu nitasema machache. Azimio la kazi linadhani majuma yote ni sawa. Huku, mvua za kwanza zikinyesha watoto wanapanda maharage na mahindi pamoja na wazazi wao, na siku ya gulio, hasa karibu na mpaka, madawati yanapungua. Utapambana na utoro pamoja na mwalimu mkuu na kamati ya shule, ni wajibu; ila usipange mada mpya ngumu siku ya gulio kisha ukaandika kwamba wanafunzi hawakuelewa. Hawakuwepo.

Sasa mtaniuliza, nami nawasikia hata kabla hamjainua mikono: mwalimu, tukiandika kwamba somo halikueleweka, mkufunzi si atatukata alama? Ni swali la haki. Fomu ya kukagua ina vipengele vya mavazi, sauti, matumizi ya ubao, zana, mfuatano wa hatua, utunzaji wa muda. Mwanachuo aliyeona katikati ya kipindi kwamba watoto hawana msingi, akaacha hatua ya tatu na kurudi kwenye somo la darasa la chini, anapoteza alama za mfuatano na za muda. Mwenzake aliyefika hitimisho peke yake, darasa likiwa limebaki kwenye utangulizi, anazipata. Vijana wana akili. Wamesoma fomu yetu wakaielewa kuliko sisi tulioiandika. Wanajipanga kumfundisha mkufunzi aliyekaa nyuma.

Kwa hiyo sitawaambia ninyi peke yenu kwamba muwe jasiri. Ningekuwa nawatwisha mzigo wetu. Kwenu nasema hivi: fundisheni, na kila jioni andikeni chini ya andalio kitu kimoja kilichotokea, chenye idadi au chenye mfano, na kitu kimoja mtakachobadilisha kesho. Msibadilishe lengo kwa sababu darasa ni gumu. Mtoto wa Kakonko au wa Buhigwe ana haki ya kujua kugawanya sawasawa na mtoto wa Masaki. Badilisheni njia, mpangilio wa madawati, mfano, lugha ya kuanzia, mwendo. Na msiogope kumwomba mwalimu mwenyeji akae darasani mwenu siku mbili tatu za kwanza. Wengi wao hutoka mara tu mwanachuo anapoingia, wakishukuru kwa mapumziko, na siwalaumu. Mwenye vipindi zaidi ya 30 kwa wiki akipata mkono wa kumsaidia hatauliza maswali.

Kwenu walimu wakuu: mwanachuo si mwalimu wa ziada wa kuziba mapengo ya ratiba. Msimpe madarasa manne siku ya kwanza. Mpeni mawili, na mpeni mtu wa kuzungumza naye.

Kwetu wakufunzi nina ombi moja, na ni la kutekelezwa mwaka huu. Tukifika shuleni tusiende moja kwa moja kukaa nyuma ya darasa. Tuombe kwanza andalio la jana na la juzi, tusome maoni, kisha tuingie kuona kama somo la leo limetokana nayo. Aliyeandika kwamba jana alishindwa, akaeleza wapi, na leo akafundisha tofauti, tumpe alama nyingi kuliko yule ambaye kila siku ameeleweka. Kipindi kikiisha tukae naye nusu saa, pamoja na mwalimu mwenyeji, chini ya mwembe kama ofisi imejaa. Najua gari la chuo ni moja, barabara ni ndefu, na kuna shule nyingine nne za kufikiwa kabla ya jioni. Basi tukague shule mbili kwa siku badala ya tano, na alama ziandikwe baada ya mazungumzo hayo. Zisiandikwe garini.